Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Raspberry Pi Ndani ya Strima ya Bei Kubwa

Mwezi huu safu yetu inashughulikia jambo moja tu, kwa sababu barua tano zimetufikia zikilizungumzia kutoka pembe tofauti. Kwa msomaji ambaye hajakutana na neno hili, strima ni mashine inayochukua muziki kutoka kwenye intaneti au kwenye hifadhi iliyopo nyumbani na kuupeleka kwenye amplifaya, huku mwenye nyumba akichagua nyimbo kwa simu yake. Ndani ya kila strima lazima kuwe na kompyuta ndogo, na ni kompyuta hiyo iliyowafanya wasomaji wetu washike kalamu.

SWALI: Ndugu Mhariri, miaka mitatu iliyopita shemeji yangu anayeishi Uingereza aliniletea strima ya kampuni yenye jina, iliyonunuliwa kwa zaidi ya pauni 1,000. Mwezi uliopita ilikataa kuwaka. Fundi alipofungua kasha tulikuta transfoma, bodi moja yenye soketi za nyuma, na katikati kibao cha kijani chenye nembo ya tunda la rasiberi, kile kile ambacho mwanangu anakitumia katika klabu ya kompyuta shuleni. Fundi alicheka, mimi nilishindwa kucheka. Je, tumeibiwa?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa mashine kuharibika, na pole zaidi kwa uchungu wa kuhisi umedanganywa, maana si wewe wa kwanza kuniandikia ukiwa na uchungu huo. Kuwapo kwa kibao hicho peke yake hakuthibitishi kwamba mmeibiwa. Ili kujua, inabidi tutazame kile kinachokizunguka kibao, na tukumbuke maneno yaliyosemwa, au yaliyonyamaziwa, siku ya kuuziana.

Kibao hicho kinaitwa Raspberry Pi. Ilizaliwa Cambridge, Uingereza, na ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Eben Upton na wenzake walikusudia kuwapa vijana kompyuta ya bei nafuu ili wajifunze kuandika programu, ndiyo maana mwanao anakutana nayo shuleni. Wahandisi wa viwanda nao waliiona mapema, kwa sababu kibao chenye ukubwa wa kadi ya benki kilikuwa na prosesa, memori, soketi za USB na ya mtandao, kiliendesha Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta) bila shida, na kilizungukwa na maelfu ya watu waliokuwa wakisahihisha kasoro zake kila siku. Mwaka 2014 watengenezaji wenyewe walitoa toleo liitwalo Compute Module, lisilo na soketi zozote, lililokusudiwa kuchomekwa ndani ya bidhaa za kampuni nyingine. Leo zaidi ya nusu ya vibao vya Raspberry Pi huuzwa kwa ajili ya kazi za viwanda na kuwekwa ndani ya bidhaa, wala si kwa wanafunzi na wapenzi wa kompyuta.

Sasa mfikirie mtengenezaji wa amplifaya. Ana wahandisi wanaojua transfoma, kapasita na njia za sauti kwa miaka mingi, lakini kubuni kompyuta ni ufundi mwingine kabisa: bodi ya tabaka nyingi, njia za memori zinazopitisha mamia ya mamilioni ya mapigo kwa sekunde, vipimo vya mawimbi ya redio vinavyotakiwa na sheria za kila nchi, na baada ya hapo miaka mingi ya kuitunza Linux ili isipitwe na wakati. Kampuni inayouza mashine elfu chache kwa mwaka ikiubeba mzigo huo peke yake, itampa mnunuzi kompyuta dhaifu kwa bei kubwa zaidi. Kwa hiyo hata kampuni zisizotumia Raspberry Pi mara nyingi hununua moyo wa mashine kwa wengine. StreamUnlimited ya Vienna, Austria, inauza moduli za strima kwa kampuni mbalimbali za hi-fi. Roon Nucleus, ambayo ni seva ya muziki ya bei kubwa, ilijengwa juu ya bodi ya kawaida ya Intel NUC, kompyuta ndogo ya mezani. Na Volumio Primo, ya kampuni ya Florence nchini Italia, iliwekewa Tinker Board, kibao cha ASUS cha aina hiyo hiyo ya Raspberry Pi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Bryston, kampuni ya Kanada inayojulikana kwa kuzipa amplifaya zake dhamana ya miaka 20. Mnamo mwaka 2016 hivi waliuza kicheza muziki kiitwacho BDP-π, na jina lenyewe lilitangaza kilichomo: Raspberry Pi 2, ikiwa imepandishiwa juu yake bodi ya HiFiBerry Digi+ inayotoa sauti ya dijitali. Bei ilikuwa karibu dola 1,300. Ukijumlisha kibao na bodi ile ya nyongeza, hufiki dola 100. Mtu mwenye kalamu na karatasi angeweza kuwashutumu, lakini Bryston hawakumficha yeyote. Waliandika programu yao wenyewe ya kuendesha mashine, wakaiweka ndani ya kasha zuri la chuma, wakaipa umeme uliotulia, na wakabaki tayari kupokea simu ya mteja. Aliyenunua alijua ananunua nini, na aliyeona ni ghali aliweza kujijengea yake. Pro-Ject ya Austria ilifuata njia kama hiyo katika Stream Box S2 Ultra, iliyobeba Compute Module 3, na Holo Audio iliweka Compute Module 4 ndani ya mashine yake iitwayo Red. Wote walisema wazi.

Kwa hiyo pauni zako zilikwenda wapi? Nyingine zilikwenda kwenye kasha, ambalo kwa mashine zinazotengenezwa kwa mamia huweza kugharimu kuliko kompyuta iliyomo. Nyingine zilikwenda kwenye transfoma na bodi ya sauti uliyoiona. Fungu kubwa, ambalo fundi wako hawezi kuliona kwa bisibisi, lilikwenda kwenye programu na vibali: ili strima iruhusiwe kutangaza kwamba inafanya kazi na huduma na programu za muziki kama Spotify Connect, Tidal Connect au Roon, kampuni hupitia majaribio na mikataba ya kila mmoja wao, na kila huduma ikibadilisha mfumo wake mtu fulani lazima akae chini aandike upya. Duka nalo lina fungu lake, pamoja na kodi ya Uingereza ya asilimia 20.

Hapo ndipo ninapokuunga mkono bila kusita. Kama programu ya strima yako haijasasishwa kwa miaka mitatu, kama bodi ya sauti ni ya kununua dukani vilevile, na kama kijitabu chake kinazungumza juu ya kompyuta iliyobuniwa maalumu kwa ajili ya muziki, basi mmeuziwa maneno, na una haki ya kuandika barua kali kwa aliyekuuzia. Mtengenezaji anayekwangua nembo ya rasiberi au kubandika stika juu yake anakiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba bei yake haitavumilia ukweli.

Kuhusu kutowaka, kibao hicho kina faida kubwa kwako, kwa kuwa miguu yake yote imeandikwa hadharani. Mwombe fundi apime umeme kati ya pini ya 2 na pini ya 6 kwenye safu ya pini 40. Panapaswa kuwa na volti 5, na zikishuka chini ya 4.63 kibao hujihesabu kuwa kina njaa ya umeme. Katika matoleo mengi kabla ya Pi 4, taa nyekundu huzimika yenyewe katika hali hiyo. Kama volti ni nzuri na taa ya kijani haimetimeti kabisa, shuku kadi ya memori kabla ya kushuku kibao. Usikimbilie kununua kibao kipya na kupachika kadi ya zamani: programu iliyoandikwa kwa ajili ya Pi 3 huenda isiwake kwenye Pi 4, na baadhi ya kampuni hufunga leseni zao kwenye namba ya kibao kile kile. Waandikie watengenezaji, uwaombe nakala ya programu yao. Jibu watakalokupa litakueleza, kuliko niwezavyo mimi, kama pauni zile zilikwenda mahali pazuri.

SWALI: Bwana Mhariri, hapa Mombasa tuna baraza dogo la wapenzi wa taarabu za zamani. Mwenzetu mmoja ameshika msimamo kwamba vibao hivi vya bei rahisi vinachafua sauti, na kwamba sauti ya qanuni inapoteza uhai wake. Mwingine anasema namba ni namba, haiwezi kuchafuka. Nani mkweli?
Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na jibu linategemea mlango ambao sauti inatokea. Naomba mnivumilie, maana hapa ndipo utamu wa jambo ulipo.

Tuanze na uwezo. Muziki wa ubora wa CD una vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16 (yaani tarakimu 16 za 0 au 1), kwa njia mbili za kushoto na kulia. Yaani biti 1,411,200 kwa sekunde. Hata rekodi za kiwango cha juu, za biti 24 na vipimo 192,000, hazizidi biti milioni 9.3 kwa sekunde. Soketi ya USB ya kawaida kwenye Raspberry Pi hupitisha hadi milioni 480. Kwa hiyo kibao hakitoki jasho, na namba zinazoingia ndizo zinazotoka, moja baada ya nyingine. Katika hili mwenzenu wa pili amesema kweli.

Muziki, hata hivyo, unahitaji namba sahihi zifike katika nukta sahihi ya wakati, na kazi ya kupiga mapigo ya wakati hufanywa na kristali ndogo inayoitwa saa. Saa mama ya Raspberry Pi za mwanzo hupiga mara 19,200,000 kwa sekunde, idadi iliyochaguliwa kwa mahitaji ya kompyuta. Ili kupeleka sauti ya CD kwenye chipu ya sauti kwa mpangilio wa kawaida, yanahitajika mapigo 2,822,400 kwa sekunde. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, utapata 6.8 na baki isiyokwisha. Kibao hulazimika kukadiria: pigo moja hufupishwa kidogo, jingine hurefushwa, ili wastani uwe sawa. Ni kama mpiga dumbaki anayemaliza wimbo kwa wakati uleule na wenzake, lakini katikati anawahi hapa na kuchelewa pale. Mtikisiko huo ni mdogo mno, ila unapimika, na mwenzenu wa kwanza akiusema anasema jambo lililopo.

Sasa milango. Mlango wa kwanza ni tundu la headphone lililo kwenye kibao chenyewe katika matoleo mengi hadi Pi 4. Sauti yake hutengenezwa kwa kuwasha na kuzima umeme haraka haraka na kuuchuja kidogo, na ubora wake haufiki ule wa CD. Pi 5 ya mwaka 2023 imeliondoa kabisa. Hakuna mtengenezaji makini wa strima anayelitumia, na baraza lenu lisilitumie.

Mlango wa pili ni pini zinazopeleka namba moja kwa moja kwenye bodi ya nyongeza. Katika mlango huu saa ina uzito mkubwa. Bodi rahisi hupokea mapigo ya kibao pamoja na kukadiria kwake kote. Bodi nzuri hubeba kristali zake mbili, moja ya 22,579,200 na nyingine ya 24,576,000. Ya kwanza ni mara 512 kamili ya 44,100, na ya pili ni mara 512 kamili ya 48,000, bila baki yoyote. Bodi ikiwa nazo, yenyewe ndiyo inayoamuru na Raspberry Pi inafuata. Mkifungua strima ya kibiashara, tafuteni vijisanduku viwili vidogo vya fedha karibu na chipu ya sauti. Mkiviona, mjue mhandisi alikuwa analijua tatizo.

Mlango wa tatu ni USB kwenda kwenye kigeuzi cha nje, yaani kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, ambacho wengi hukiita DAC. Vigeuzi vya kisasa huomba namba kwa kasi vinayoitaka vyenyewe, huzihifadhi kwa muda mfupi, na kuzipiga kwa saa yao wenyewe, kwa hiyo mtikisiko wa kibao huishia mlangoni. Katika mpangilio huo mimi nimesikiliza kwa miaka na sijawahi kutambua kwa masikio, nikiwa nimefungwa macho, tofauti kati ya kibao cha shule na strima ya maelfu ya dola. Nasema hivyo nikijua kuna wasomaji watakaochukia kusikia.

Kuna jambo moja limebaki ambalo mara nyingi husababisha malalamiko ya kweli, nalo ni kelele za umeme. Kompyuta yoyote hutoa kelele kwenye waya wake wa umeme na wa athi, na kelele hizo zikisafiri kupitia kebo ya USB hadi kwenye amplifaya huweza kusikika kama mlio mwembamba au mvumo. Dawa ni adapta nzuri, au kigeuzi kilichotenganishwa kiumeme na kompyuta. Ongezeni pia kwamba katika Raspberry Pi za mwanzo hadi Pi 3, soketi ya mtandao na soketi zote za USB zilipita kwenye njia moja nyembamba, na muziki mzito ukitoka mtandaoni na kuelekea USB kwa wakati mmoja uliweza kukatikakatika. Pi 4 ya Juni 2019 ilizitenganisha njia hizo. Kama mwenzenu aliisikia qanuni ikikwama kwenye kibao cha zamani, masikio yake hayakumdanganya. Alichokosea ni kukihukumu kibao cha leo kwa kosa la ndugu yake mkubwa.

SWALI: Mhariri, huku kwetu umeme hukatika bila taarifa. Strima yangu, ambayo nimegundua ina Raspberry Pi ndani, imekufa mara mbili na mara zote fundi ameponya kwa kubadilisha kadi ya memori. Je, ni ubovu wa kibao?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kibao hakina hatia, mwenye kosa ni aliyechagua kuweka mfumo mzima kwenye kadi ya memori inayoandikwa kila wakati. Linux huandika kumbukumbu zake ndogondogo mfululizo, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi hubaki na ukurasa uliochanika. Kadi za bei ya chini huvumilia hali hiyo vibaya zaidi. Mashine iliyobuniwa Ulaya, mahali ambapo umeme unaweza kukaa mwaka mzima bila kukatika, inaweza kufaulu majaribio yote ya kiwandani na bado ikafa Dodoma katika msimu mmoja wa mvua.

Watengenezaji makini hutumia Compute Module yenye hifadhi ya eMMC, yaani chipu ya kuhifadhia iliyolehemewa kwenye kibao badala ya kadi, ambayo hustahimili zaidi, na hufunga sehemu yenye mfumo isiandikwe kabisa isipokuwa wakati wa kusasisha. Kuna pia programu huria iitwayo piCorePlayer ambayo hujipakia yote kwenye memori ya muda wakati wa kuwaka na kuiacha kadi ipumzike, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakuna cha kuharibu. Kwa mashine uliyonayo, mambo mawili yanaweza kusaidia. Nunua kadi ya daraja la viwandani, uombe fundi atengeneze nakala kamili ya kadi inayofanya kazi leo na kuiweka kabatini. Kisha weka UPS ndogo, yaani betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika. Strima nzima haitumii zaidi ya wati 10 au 15, kwa hiyo hata UPS ya bei ya chini kabisa dukani itakupa muda wa kutosha kuizima kwa utaratibu.

SWALI: Assalaam alaykum Mhariri. Mimi ni mzee wa asili ya Unguja ninayeishi Maskati, na nataka kujinunulia strima moja ya kunitosha maisha yaliyobaki. Muuzaji wa hapa ananionyesha ya rial 700. Nimwulize nini?
Msomaji, Maskati, Oman

JIBU: Wa alaykumu salaam, mzee wetu. Mwulize kwanza ni kompyuta gani iliyo ndani, na usione haya kuuliza. Akitaja jina bila kigugumizi, hiyo ni dalili njema. Akisema ni siri ya kampuni, omba maelezo kwa maandishi kutoka kwa mtengenezaji kabla ya kutoa hata baisa moja.

La pili, na mimi naliona zito kuliko la kwanza, ni muda wa kuhudumiwa. Kibao chenyewe huenda kikadumu: watengenezaji wa Raspberry Pi wameahidi kuendelea kuizalisha Compute Module 4 hadi angalau Januari 2034, ahadi ambayo chipu nyingi za simu na televisheni hazina. Hata hivyo ahadi ya kiwanda nayo hupata misukosuko. Kuanzia mwaka 2021 dunia ilipokosa chipu, vibao hivi viliadimika. Oktoba mwaka huo Pi 4 ya memori ya GB 2 ilipandishwa kutoka dola 35 hadi 45, jambo lililokuwa geni kabisa kwa kampuni iliyozoea kushusha bei, na baadhi ya watengenezaji wadogo wa mashine za muziki walikaa miezi mingi bila cha kuuza. Mwulize basi muuzaji kama ana akiba ya bodi, na ni miaka mingapi kampuni imewahi kusasisha mashine yake ya zamani zaidi. Usitosheke na ahadi ya mbele. Mwombe akuonyeshe ya nyuma.

Uliza pia kama mashine itaendelea kupiga muziki ulio kwenye diski yako mwenyewe hata kampuni ikifunga milango. Strima nyingi hutegemea seva ya kampuni ili simu iweze kuiongoza, na seva ikizimwa unabaki na sanduku zuri la chuma. Kwa kuwa karibu zote huendeshwa na Linux, kuna leseni inayomtaka muuzaji akupe msimbo wa sehemu hizo huria ukiuomba. Kampuni inayojua wajibu huo huutaja kwenye kijitabu au tovuti yake, na kampuni isiyoutaja pengine haijali mambo mengine pia.

Kwa umri wako, mzee wetu, mimi ningegawa fedha hizo. Chukua strima ya bei ya chini au ya kati inayosasishwa vizuri, na sehemu kubwa iende kwenye kigeuzi na spika, kwa sababu kompyuta huzeeka ndani ya miaka michache lakini spika nzuri utamwachia mjukuu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Nairobi. Nikiwa na Raspberry Pi yangu mwenyewe, naweza kupata kile ambacho matajiri wanalipia?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Sauti, ndiyo, kwa kiasi kikubwa sana. Chukua Pi 4 ya memori ya GB 1 au 2, adapta yake halisi ya volti 5.1 na ampea 3, na kigeuzi cha USB kinacholingana na mfuko wako. Pakia programu ya kuchezea muziki: moOde ukipenda kurekebisha kila kitu, Volumio ukitaka urahisi, au piCorePlayer kwa sababu niliyomweleza msomaji wa Dodoma. Zote zina matoleo ya bure, na zote huongozwa kwa simu kupitia waifai ya nyumbani.

Utakachokosa ni mtu wa kumpigia simu siku huduma fulani ya muziki itakapobadilisha mfumo wake na mashine ikanyamaza. Siku hiyo wewe ndiye utakayekuwa kampuni, na kwa kijana anayesoma nafikiri huo ni mshahara wa ziada. Jambo moja la mwisho la kiufundi: usinunue kasha la chuma lililofungwa pande zote kama unategemea waifai, kwa kuwa antena ya Pi 4 imechorwa juu ya kibao chenyewe na chuma huifunika. Chukua la plastiki, au vuta kebo ya mtandao hadi kwenye meza yako.